Uvimbe mkubwa kwenye kizazi: je, ni lazima kizazi kitolewe?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 36 na sijajaliwa mtoto. Altrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kizazi, na tumbo langu limefikia ukubwa wa mimba ya miezi mitano. Hedhi hunitoka siku 9, tena kwa mabonge, hadi nashikwa na kizunguzungu. Nimeambiwa kizazi kitolewe, na shangazi ananihimiza nitumie mitishamba ya kuyeyusha uvimbe. Nishike lipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yangu. Kabla ya yote, kapime wingi wa damu wiki hii hii, kwa sababu kizunguzungu chako kinanitia wasiwasi kuliko ukubwa wa uvimbe wenyewe. Hemoglobini, inayopimwa kujua wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye na mimba, huo ni upungufu wa damu, na kupasuliwa katika hali hiyo ni kujiongezea hatari. Vidonge vya madini ya chuma, dawa za kupunguza hedhi, na pengine sindano za homoni zinazousinyaza uvimbe kwa muda, hukuandaa kwa upasuaji.

Ukubwa wa uvimbe peke yake haulazimishi kutoa kizazi. Kwa anayetamani kuzaa, upasuaji wa kufikiriwa kwanza ni wa kuondoa uvimbe na kukiacha kizazi, nao hufanyika hata kwa uvimbe mkubwa kama wako. Nisikufiche: uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye, na damu ikishindikana kuzuilika mezani, daktari huweza kulazimika kukitoa kizazi ili akuokoe. Kovu la upasuaji huo kwenye kizazi likiwa limeingia ndani sana, ukipata mimba utashauriwa kujifungua kwa upasuaji, kwani linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Ipo pia njia ya kuziba mishipa inayoulisha uvimbe, lakini kwa anayetafuta mtoto si chaguo la kwanza.

Shangazi anakutakia heri, ila hakuna mitishamba iliyothibitishwa kuyeyusha uvimbe wa namna hii, na kila mwezi unaoisha ukiijaribu unazidi kupoteza damu.

Chukua picha zako umwone daktari bingwa mwingine wa magonjwa ya wanawake, umuulize kama huondoa uvimbe mkubwa mara kwa mara bila kutoa kizazi. Mkikubaliana tarehe, waombe ndugu wakachangie damu mapema.