Usiruke utangulizi wa La traviata

Mara ya kwanza nilipoiweka La traviata, opera ya Giuseppe Verdi ya mwaka 1853, nilisogeza mbele dakika za mwanzo. Ni okestra tu, nikajiambia, hakuna anayeimba. Nikaenda moja kwa moja kwenye karamu ya sehemu ya kwanza, na hadi mwisho nikawa natazama watu nisiowaelewa wanalilia nini. Wewe usifanye hivyo. Aliyelelewa na taarab anajua kukaa na bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu, kabla mwimbaji hajasimama. Basi na hapa kaa.

Onyesho ninalopendekeza kwa anayeanza ni lile lililorekodiwa Salzburg, Austria, mwaka 2005, chini ya mwongozaji Willy Decker. Anna Netrebko ni Violetta, mwanamke wa starehe anayetunzwa na matajiri, na Rolando Villazón ni Alfredo, kijana anayempenda. Usitafute fanicha za Paris ya zamani: kuna ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa sana, na mzee aliyevaa koti jeusi, kimya. Fidla zinaanza kwa sauti nyembamba, na Violetta anaingia taratibu na gauni lake jekundu. Sauti hizo zitarudi sehemu ya tatu, kifua kikuu kikimmaliza. Yule mzee ni daktari wake. Verdi amekwisha kukuonyesha kifo, ndipo anafungua karamu.

Kwa hiyo soma hadithi yote kabla, pamoja na mwisho wake. Wengine huniambia utamu utapotea. Kwangu mimi ndipo ulipoanza.

Sehemu ya pili itazame mara mbili: kwanza ukisoma tafsiri chini ya skrini, kisha bila kusoma. Baba yake Alfredo anakuja kumsihi Violetta amwache kijana, ili uchumba wa dada yake Alfredo usivunjike kwa aibu. Violetta anakubali. Muda mfupi baadaye anamlilia Alfredo, “Amami, Alfredo”, nipende, na sauti inapasua okestra nzima. Wimbo huo fidla zilikwisha kuupiga kwenye utangulizi, polepole. Nilipoutambua ilibidi nisimamishe video.

Ukifika kwenye barua ya sehemu ya tatu, ambayo baba yake Alfredo anamwambia Violetta kwamba kijana anarudi, ongeza sauti. Violetta haimbi, anaisoma kwa maneno ya kawaida, huku fidla ikipiga chini chini wimbo ambao Alfredo alimwimbia usiku ule wa karamu. Anamaliza kusoma, anasema maneno mawili tu: “È tardi.” Wakati umepita.