Kabla ya kumwendea mhadhiri

Dada yangu, umeeleza kwamba ninyi wanne mnaandaa somo la usalama kwenye kivuko cha Likoni kwa wanafunzi wa gredi ya sita, na kwamba mwenzenu mmoja amekwisha kutengeneza slaidi zote kabla hamjakubaliana malengo, nawe unauliza kama umshtaki kwa mhadhiri. Nakuomba usubiri kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Mombasa, kundi letu lilivunjika kwa jambo hilohilo, na baadaye nilitambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akimwazia mwanafunzi tofauti. Mfumo wa kuandaa mafunzo uitwao ADDIE, uliobuniwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani, huanza na uchanganuzi wa mwanafunzi na mahitaji yake, kisha usanifu, uundaji, utekelezaji na tathmini. Mwenzenu ameruka hatua mbili za mwanzo, lakini bidii yake haifai kutupwa.

Kaeni pamoja, simu zikiwa kando, mwandike lengo linalopimika, kwa mfano: mwanafunzi ataonyesha mahali salama pa kusimama feri inapokaribia gati. "Kuelewa usalama" hakupimiki. Kisha pitieni slaidi zake moja moja mkiuliza ipi inatumikia lengo hilo, naye awe wa kwanza kusema. Zungumzeni pia, kwa idhini ya wazazi, na watoto wanaovuka kila asubuhi. Akikataa kubadilisha chochote hata baada ya hayo, mwendeeni mhadhiri nyote wanne, mkiwa na lengo lenu na slaidi hizo mkononi.