Barua kwa Mwanangu: Neno "Cachet" Limetoka Wapi

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako kutoka Bujumbura nimeusoma. Unasema unatafsiri tangazo la nyumba ya wageni, na mwenye nyumba ameandika kwa Kifaransa kwamba nyumba yake ina *cachet*. Kamusi ya Kiingereza inakwambia hiyo ni hadhi. Lakini karani wa ofisini alikurudishia barua kwa sababu haina *cachet*, na duka la dawa likakuuzia *cachet* ya kutuliza kichwa. Unauliza kama hayo ni maneno matatu au ni neno moja.

Ni moja, na wa karibu zaidi na asili yake ni yule karani. Litamke "kashe", t ya mwisho haisikiki. Maana yake ya kwanza ni muhuri. Limezaliwa na kitenzi *cacher*, ambacho leo Wafaransa wanakitumia kwa kuficha, ila zamani kilimaanisha kubana au kugandamiza, na mizizi yake iko katika Kilatini.

Kubana kunaingiaje hapo? Wewe hukuviona vifurushi vya posta vya zamani. Karani aliyeyusha lakiri nyekundu kwenye moto wa mshumaa, akaidondosha juu ya fundo la kamba, kisha kabla haijapoa akaukandamiza muhuri wa shaba kwa kiganja. Akiunyanyua, herufi zimesimama juu ya lakiri, na hakuna awezaye kulifungua fundo lile bila kuivunja. Aliyeona alama alijua kifurushi kimetoka kwa nani na kwamba hakijaguswa njiani.

Wafalme wa Ufaransa walikuwa na barua za namna mbili. Zile za kutangaza vyeo na ruhusa zilikuwa wazi, zimening'inizwa muhuri mkubwa. Nyingine zilikunjwa na kufungwa kwa muhuri mdogo, zikaitwa *lettres de cachet*. Hizi zilibeba saini ya mfalme na chini yake ya waziri, na zilitosha kumtia mtu gerezani bila mashtaka, bila hakimu, bila tarehe ya kutoka. Mwandishi Voltaire aliingia gereza la Bastille mwaka 1717. Mwandishi mwenzake, Diderot, alifungwa katika ngome ya Vincennes mwaka 1749 kwa sababu ya maandishi yake. Ninapofika hapa huwa naumia, maana barua nyingi za aina hii hazikuanzia kwa mfalme. Ziliombwa na familia zenyewe: baba aliyechoshwa na mwanawe mbadhirifu, mume aliyetaka mkewe afungiwe kwenye nyumba ya watawa. Mwandishi mwingine, Mirabeau, alifungwa kwa maombi ya baba yake mzazi, na mwaka 1782 kikatoka kitabu chake cha kuzishambulia barua hizo. Mapinduzi yalipokuja, Bunge la Ufaransa likazifuta mwaka 1790.

Waingereza walilipokea neno katika karne ya 17 kupitia Uskoti, likiwa bado ni muhuri tu. Karne ya 19 ndipo lilipoanza kwao kumaanisha alama ya ubora na hadhi. Naona njia yake ni rahisi kuifuata: palipo na muhuri wa mkubwa, watu hawaulizi mengine. Neno likaacha kusema juu ya lakiri, likasema juu ya ile heshima inayokuja nayo.

Kidonge chako nacho kimetokana na kubana. Wauza dawa waliweka unga mchungu kati ya vipande viwili vyembamba vya wanga, wakavibana kingo mpaka vikashikana, mgonjwa akameza bila kuonja. Baadaye jina likahamia kwenye vidonge vya kawaida. Ukisikia huko mwanamuziki analalamikia *cachet* yake, usishangae, hayo ni malipo yake ya onyesho.

Usilichanganye na *prestige*, ambalo pia ni la Kifaransa na pia linatafsiriwa hadhi. Hilo katika Kilatini lilikuwa kiini macho, michezo ya wafanya mazingaombwe. Mimi kati ya mawili hayo nalipenda la muhuri, kwa sababu muhuri una mwenyewe, na jambo likiharibika anajulikana wa kuulizwa.

Sasa tangazo lako. Kamusi ya Kiingereza isikupoteze. Mfaransa akisema nyumba ina *cachet*, mara nyingi hasemi kwamba ni ya wakubwa wala ya gharama. Anasema ina sura yake yenyewe: mihimili ya mbao iliyoachwa ionekane, sakafu ya vigae vya zamani, dirisha ambalo hulikuti kwenye nyumba nyingine mtaani. Ukiandika "nyumba yenye hadhi", msomaji wa Kiswahili atatarajia mazulia na walinzi mlangoni, na akifika atajiona amedanganywa. Andika "nyumba yenye haiba yake", kisha utaje kitu kimoja au viwili vinavyoipa haiba hiyo. Mwombe mwenye nyumba avitaje mwenyewe. "Hadhi" ihifadhi kwa siku utakayotafsiri kutoka Kiingereza kwamba jina la chuo au la kampuni lina *cachet*. Hapo ndipo mahali pake.

Nitumie tafsiri kabla hujaikabidhi, niisome mara moja. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako