Kwa mnaoanza kusoma historia ya mateso ya Wayahudi: zifuateni hati za madeni

Wadogo zangu mliochagua mada hii, karibuni. Mimi niliianza kwa kosa la maneno mawili. Katika insha yangu ya kwanza niliandika kwamba Wayahudi wa Strasbourg waliuawa mwaka 1349 "kwa kutia sumu visimani". Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Ulikuwepo?" Nilikusudia kusema walisingiziwa, lakini kalamu yangu ilikuwa imeshawapa wauaji ushahidi. Na wakati huo huo Papa Clement VI alikuwa amekwisha kuukanusha tangu 1348 uvumi kwamba sumu yao ndiyo iliyoleta tauni, akisema ugonjwa huo unawaua Wayahudi kama unavyowaua wengine, tena unaua hata mahali wasipokaa. Tangu siku ile, kila ninapokuta neno "kwa sababu" katika mada hii nasimama, nauliza ni nani anayesema.

Jambo jingine dogo, ila huku kwetu linasumbua kweli: msiandike "Waisraeli" mkimaanisha Wayahudi wa Ulaya ya kale. Tumezoea neno hilo kutoka kwenye Biblia, halafu tunalitumia hata kwa raia wa dola iliyoanzishwa 1948. Mfanyabiashara wa Kiyahudi wa Mainz, Ujerumani, mwaka 1096 hakuwa Mwisraeli wa namna hiyo.

Sasa dini. Mtaambiwa chanzo ni dini, na si uongo, ila msiishie hapo. Nendeni York, Uingereza, Machi 1190. Wayahudi wapatao 150 walijifungia katika mnara wa ngome ya mfalme, wakilikimbia kundi lililopandwa na mori wa Vita vya Msalaba. Wengi walijiua kuliko kubatizwa kwa nguvu. Waliotoka kwa ahadi kwamba wakibatizwa watasalimika walichinjwa pale pale nje. (Mnara wa mawe mnaouona kwenye picha ni wa baadaye, ule wa siku hiyo ulikuwa wa mbao.) Tazameni kundi lile lilielekea wapi likiisha kuua. Lilikwenda kanisa kuu, zilikohifadhiwa hati za madeni, likazichoma humo humo ndani. Mmoja wa vinara wake, Richard Malebisse, alikuwa kabaila mwenye deni kwa Wayahudi.

Kwa nini wao ndio wakopeshaji? Kanisa liliwakataza Wakristo riba, na vyama vya mafundi viliwafungia Wayahudi milango ya kazi nyingine. Mfalme naye alijua faida yake. Kuanzia 1194 serikali ikaagiza mikataba ya mikopo ya Wayahudi iandikwe kwa nakala, moja ikae katika kasha maalumu mjini, maana kodi aliyowatoza ilitegemea madeni hayo. Alizilinda hati kuliko alivyowalinda watu. Karne moja ya kuwakamua baadaye, walipokuwa hawana tena cha kutoa, Edward I akawafukuza wote Uingereza, 1290. Kwa hiyo mkisoma tukio lolote la aina hii, jambo la kwanza tafuteni nani alikuwa na deni na nani alibaki na nyumba.

Swali langu la pili: je, kubadili dini kuliokoa? Hispania mwaka 1492 amri ilisema ubatizwe au uondoke. Lakini huko huko Toledo, tangu 1449, waasi waliochukizwa na kodi walipitisha kanuni ya kuwazuia wasishike vyeo Wakristo wenye asili ya Kiyahudi, hata kama walibatizwa zamani. Papa Nicholas V aliilaani mwaka huo huo. Haikusaidia, miji na taasisi nyingine zikaja kuiga. Hapo maji ya ubatizo yalishindwa na damu. Ndiyo maana sipendi mitaala inayokata kisu katikati: hapa mateso ya dini, pale mateso ya rangi. Sheria za Nürnberg za 1935, za Wanazi wa Ujerumani, zilijidai kupima damu, lakini kipimo chenyewe kilikuwa dini ya mababu na mabibi. Aliyekuwa na watatu walioandikwa katika jumuiya ya Kiyahudi alihesabiwa Myahudi, hata kama yeye mwenyewe ni padri.

Mwenye kutaka mada ya tasnifu iliyo karibu na nyumbani, ipo. Baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, katika dola ya Urusi, Aprili 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi wa Urusi wapewe ardhi katika nyanda za Uasin Gishu. Mpango uliitwa wa "Uganda" ingawa eneo hilo lilikuwa limeshahamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka uliotangulia. Mkutano wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, uliofanyika Basel, Uswisi, uliidhinisha kwa kura 295 dhidi ya 178 kwamba tume itumwe kuipima ardhi. Mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaukataa mpango wenyewe. Mengi yaliyoandikwa yanazungumzia hao waliopiga kura. Ningekuwa ninyi, ningeanza na Wanandi na Wamaasai waliokuwa na ng'ombe wao juu ya nyanda zile.