Karoti Zako Zinafia Chini ya Udongo Kabla Hujaziona

Kila mwaka mvua zikikaribia kukata, kuna swali ninaloulizwa na majirani hapa Uyole, Mbeya, na ndugu zangu walioko Iringa: "Mbegu zako za karoti unanunua wapi? Zangu hazikuota." Nawajibu nikijua kwamba duka mara nyingi halina kosa. Nilishindwa na karoti misimu mitatu, miwili nikiwa Iringa na mmoja baada ya kuhamia Mbeya. Wakati huohuo mchicha, chainizi na vitunguu vilinikubali bila shida, na nikaanza kuamini kwamba wakulima wa kule milima ya Mporoto, wanaoshusha karoti nzuri pale soko la Mwanjelwa, wana mbolea fulani ambayo mimi siijui.

Hawana. Karoti nyingi za bustani za nyumbani hufa katika wiki mbili tatu za mwanzo, kabla mwenyewe hujaona hata jani moja, na kinachoziua ni ukavu wa udongo wa juu. Ukivuka hapo, kazi iliyobaki ni kama ya mboga nyingine tu.

Chukua mbegu ya karoti uiweke kiganjani. Gramu moja peke yake ina mbegu karibu 800. Mbegu ndogo kiasi hicho ina akiba kidogo sana ya chakula, kwa hiyo ukiifukia sentimita tatu kama unavyofukia maharage, inaishiwa nguvu ikiwa bado gizani. Inataka nusu sentimita hadi sentimita moja, isizidi. Sasa fikiria udongo wa kina hicho unavyokuwa saa nane mchana, jua likiwaka na upepo ukipita. Unakauka kabisa. Na mbegu ikishanyonya maji ikatoa kimzizi, kisha ikakaukiwa siku moja, imekufa. Kuimwagilia kesho yake hakuirudishi.

Kule Iringa udongo wetu ulikuwa mwekundu, ule wa mfinyanzi. Nilikuwa namwagilia asubuhi kwa ndoo, kwa nguvu, nikaamini nimezishibisha. Kufika mchana juu ya tuta pamekuwa kama sakafu iliyosiribwa. Siku ya 16 nilipasua lile gamba kwa ncha ya kisu, nikakuta vichipukizi vyeupe vimejikunja chini yake, vingine vimeoza, vingine vimekauka. Niliumia kuviona. Mbegu nilizozilaumu wiki nzima zilikuwa zimeota vizuri, mimi ndiye niliyezifungia mlango.

Msimu uliofuata nikafanya kosa jingine. Niliotesha kwenye kitalu kama kabichi, kisha nikahamishia miche kwenye tuta. Majani yalipendeza sana. Kwenye kuvuna nikatoa vitu vyenye miguu mitatu, minne, vimesokotana. Karoti tunayoila ndiyo mzizi mkuu wenyewe. Ncha yake ikikatika au kupinda wakati wa kuhamisha, mzizi unagawanyika. Panda mbegu moja kwa moja mahali karoti itakapokulia.

Aliyenitoa kwenye shida hii ni shangazi wa mume wangu, anayelima viazi Isongole. Alipokuja kututembelea nikampeleka bustanini.

"Shangazi, mbegu zimegoma tena."

"Unamwagilia kwa nini, mwanangu?"

"Kwa ndoo."

"Na umezifunika na nini?"

Sikuwa nimezifunika na chochote. Akaniambia nimletee gunia kuukuu la viazi, na tangu siku hiyo sijapanda karoti bila gunia.

Nafanya hivi. Siku moja kabla ya kupanda nalilowesha tuta mpaka chini, kwa sababu baada ya kupanda sitaki tena kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Jioni ya kesho yake nachora mifereji myepesi kwa kijiti, kina kama cha ukucha wa kidole gumba, kutoka mstari hadi mstari sentimita 25. Mbegu nazichanganya na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha chai cha mbegu kwa kikombe cha mchanga, ili zitoke kwenye vidole taratibu zisidondoke rundo. Humo natia na mbegu chache sana za chainizi. Chainizi huota siku ya tatu au ya nne, hupasua udongo wa juu na kunionyesha mistari ilipo, nami huing'oa ikiwa bado ndogo ikaingia kwenye sufuria.

Kuna jambo hapa ambalo kwa wenzangu wa udongo mwekundu ni kubwa kuliko yote: usifukie mbegu kwa udongo huohuo wa tuta. Fukia kwa mboji iliyochekechwa, au mchanganyiko wa mboji na mchanga wa mtoni. Hivyo havigandi. Udongo mwekundu hata uuponde vipi, ukipigwa na maji na jua unarudi kuwa gamba. Baada ya kufukia nagandamiza kidogo kwa kiganja ili mbegu zishikane na unyevu, namwagilia kwa kopo la rangi nililolitoboa chini kwa msumari mdogo, kisha natandika gunia lililolowa na kuliwekea mawe pembeni.

Kutoka hapo, asubuhi na jioni maji yanapita juu ya gunia. Siku za upepo naongeza na saa saba mchana. Kuanzia siku ya sita nainua pembe ya gunia kila jioni kuchungulia. Nikiona nyuzi za kijani za karoti, hata kama ni chache, gunia linatoka jioni hiyohiyo. Usingoje ziote zote. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka, inakuwa ya njano na myembamba, halafu jua la kwanza linailaza. Na usilitoe mchana. Mimi huliinua juu ya vijiti siku tatu nne ili miche ipate kivuli chepesi kwanza, ndipo naliondoa kabisa.

Huku kwetu baridi nayo inawachanganya watu. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 20, karoti huota kwa wiki moja hivi. Ukishuka hadi nyuzi 10, tegemea siku 17 au zaidi. Kwa hiyo aliyepanda Juni Njombe au Makete asijilinganishe na aliyepanda Oktoba Mbeya mjini. Ndugu yangu mmoja wa Njombe alililima upya tuta lake siku ya 12 akiamini mbegu zimeoza. Nina hakika angesubiri wiki moja zaidi angeziona, na bado hunisikitisha nikikumbuka.

Wakati ninaoupenda mimi ni mwisho wa Machi hadi Aprili. Mvua kubwa za Desemba na Januari hupiga mbegu na kuzisomba hadi mwisho wa tuta, lakini kuelekea mwisho wa masika udongo umeshiba, mvua zimekuwa za upole, na karoti zinakomaa kwenye baridi ya Juni na Julai. Baridi hiyo huongeza utamu, kwa kuwa mmea hubadilisha sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Hata sakitu nyepesi ya alfajiri, yaani umande ulioganda, inaweza kubabua ncha za majani, lakini mzizi ulio chini ya udongo hubaki salama. Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kule Iringa na Njombe wana bahati ya unyevu wakati wa kiangazi, ila wainue matuta. Mahali maji yanapotuama karoti huoza ncha na kuota vinyweleo.

Tuta lenyewe lichimbwe kwenda chini sentimita 30. Toa mawe, toa mizizi ya nyasi za sangari, ponda mabonge. Kila kikwazo ambacho mzizi utakutana nacho utakiona wakati wa kuvuna, kwa sababu karoti hupinda au kugawanyika hapo. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu na huwezi kutambua kinyesi. Mwaka nilioweka samadi mbichi ya kuku nilipata majani ya kujificha sungura na mizizi ya kutupa. Kama udongo wako ni mzito, tafuta mbegu aina ya Chantenay, ambayo ni fupi, pana mabegani na huchongoka kuelekea chini. Nantes, ile ndefu kiasi yenye unene ulio sawa na ncha butu, hupenda udongo mwepesi kama huu wetu wa majivu ya volkano.

Na kuhusu duka: mara moja lilihusika kweli. Nilipimiwa mbegu kutoka kwenye kopo lililokuwa wazi, limekaa mlangoni juani, na hazikuota. Siku hizi nanunua pakiti iliyofungwa, nasoma tarehe, na nikiwa na shaka naweka mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani iliyofunikwa. Baada ya siku kumi nahesabu. Zikiota chini ya 10, hiyo pakiti siipotezei tuta.

Sasa niseme juu ya kupunguza miche, maana hapa ndipo wengi waliofaulu kuotesha wanapoharibu. Miche imejaa, imependeza, na moyo unakataa kung'oa. Nakuelewa. Nilikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza kuotesha vizuri niliiacha yote, nikapata karoti nyembamba kama penseli, tuta zima. Miche ikifika urefu wa kidole, ikiwa na majani mawili matatu ya kweli, acha mmoja kila baada ya sentimita mbili au tatu. Wiki tatu baadaye punguza tena hadi sentimita tano. Mwagilia kwanza, fanya jioni, na kama imebanana sana tumia mkasi kukata usawa wa udongo badala ya kuvuta, ili usiitikise inayobaki. Ukimaliza, rudishia udongo kwenye mashina na umwagilie tena. Usijaribu kupandikiza uliyoing'oa. Utapata ile miguu mitatu. Majani hayo yanaliwa pamoja na mboga nyingine, na sungura wanayapenda sana.

Tuta la mita moja kwa tano, lenye mistari minne, ukiacha sentimita tano kati ya mche na mche, lina nafasi ya karoti 400. Kwa familia hiyo ni mboga nyingi mno kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ninapanda robo ya tuta, nasubiri wiki tatu, napanda robo nyingine.

Magugu ya mwezi wa kwanza ng'oa kwa mkono, kwa sababu mche mdogo wa karoti hauwezi kushindana na chochote. Maji yawe ya wastani na yasikatike. Ukiiacha ikauke wiki mbili halafu ukaimwagia ghafla, inapasuka. Ukiona mabega yametokeza juu, yafukie, la sivyo yanakuwa ya kijani na machungu. Mche uliokatwa usiku umekatwa na sota, yule kiwavi wa udongoni, fukua palepale asubuhi utamkuta amejikunja. Palipotoka nyanya usipande karoti, minyoo fundo, ile midogo sana ya udongoni, itakuachia mizizi yenye vinundu. Fuko ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Unaona jani limelala, unalivuta, linatoka jepesi bila karoti. Kwangu yupo kijana wa jirani anayejua kumtega kwa fito na kamba kwenye njia yake, nami humwita siku hiyohiyo, kwa kuwa fuko akishaonja mstari humaliza mstari.

Baada ya miezi mitatu hadi minne fukua udongo kidogo kwenye shina utazame unene. Vuna jioni baada ya kumwagilia, legeza udongo pembeni kwanza usije ukabaki na majani mkononi. Kata majani papo hapo ukiacha kishina kifupi; ukiyaacha yanaendelea kuvuta maji na karoti inalegea kabla ya kesho kutwa. Zisizohitajika wiki hiyo ziache ardhini, au zipange kwenye boksi lenye mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pa baridi, bila kuziosha.

Robo ya tuta langu ya sasa niliipanda Jumamosi ya wiki iliyopita. Leo jioni ni siku ya nane. Nimeinua pembe ya gunia upande wa ukuta, ambako jua la asubuhi hupiga mapema. Chainizi zimeshafika nusu kidole, karoti bado. Nimelowesha gunia, nimerudisha mawe, kesho nitachungulia tena.