Kataa kitambaa cha makochi: ushauri kwa anayeanza kufuma Mwanza

Mtu akitangaza hapa Mwanza kwamba anataka kujifunza kufuma, mwalimu hapotei. Siku hiyohiyo atatokea jirani na uzi mweupe mwembamba, kroshia ndogo ya chuma (ile sindano yenye ndoano), na picha ya kitambaa cha makochi chenye mananasi kuzunguka pembeni. Ni ukarimu wa kweli, na siubezi. Ila ukipata upenyo wa kukataa, kataa.

Uzi mwembamba unaficha mishono, na anayeanza hajui hata atazame wapi. Mduara unadai uongeze mishono kwa hesabu kila mzunguko, la sivyo unajikunja ukawa bakuli au unatapakaa mawimbi. Halafu kazi haisogei: unafuma jioni nzima, ukipima unakuta umepata upana wa vidole viwili. Nimeona mabinti wenye mikono mizuri kabisa wakiacha kufuma kwa kuamini hawana kipaji, kumbe walianzishiwa darasa la saba.

Mimi nafundisha majirani na watoto wa ndugu zangu barazani kwangu Nyakato, jioni jua likishapoa, na masharti yangu kwa mgeni ni yaleyale: uzi mnene, rangi nyepesi, kroshia nene, umbo la mraba. Kitu ambacho jicho linaweza kukisoma. Anayejua kuisoma kazi yake mwenyewe, akaona huu ni mshono na huu ni uwazi kati ya mishono, anaweza kujifundisha yote yaliyobaki bila mimi.

Swali linalofuata huwa ni kroshia au sindano mbili. Nafuma kwa zote, lakini anayeanza namwambia kroshia, na sababu ni ya kiufundi. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilichopo kwenye ndoano. Ukiitwa jikoni unakivuta kiwe kirefu kidogo, unaweka chini, unakwenda. Umekosea? Chomoa kroshia, vuta uzi mpaka ulipokosea, rudisha kitanzi kimoja, endelea. Kwenye sindano mstari mzima wa vitanzi uko hai kwa wakati mmoja. Mtoto akichomoa sindano umebaki na vitanzi thelathini vinavyoning'inia, na kila kimoja kinaweza kuporomoka hadi chini. Wanaosafiri kwa meli kwenda Nansio wataelewa zaidi: kroshia na donge moja vinaingia kwenye pochi, ilhali sindano ndefu zinamchoma aliyekaa ubavuni mwako.

Kroshia ina gharama yake. Kwa eneo lilelile inakula uzi mwingi kuliko sindano, na kitambaa chake ni kizito, hakivutiki sana. Ndiyo maana soksi na sweta laini hufumwa kwa sindano. Na kazi ya sindano ilihamia mapema kwenye mashine: Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na sweta nyingi za shule unazoziona madukani leo ni za mashine. Kroshia bado haina mashine inayoifuma kikamilifu. Zile blauzi za dukani zinazofanana nayo, ama mtu amekaa akazifuma kwa mkono, ama ni ufumaji wa aina nyingine unaoiga sura yake. Kama una wazo la kuuza siku za mbele, kumbuka hilo kabla hujajipanga kushindana bei na mwenye mashine ya sweta.

Sasa uzi, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Usinunue mweusi, wala bluu ya giza, wala kahawia. Umeme ukikatika saa moja jioni utafuma kwa mwanga wa simu, na uzi mweusi chini ya mwanga huo hauonyeshi kitu. Chukua rangi ya maziwa, njano iliyopauka, waridi hafifu. Uzi wenye manyoya au unaometameta uache pia. Ukitaka kufumua unang'ang'ania, na mwanafunzi hufumua kuliko anavyofuma. Unene uwe ule unaokwenda na kroshia ya milimita 4 au 5. Namba hiyo huwa imepigwa kwenye mpini. Ukikuta herufi peke yake, hivyo ni vipimo vya Kimarekani, na H ni milimita 5.

Kabla hujalipa, soma karatasi inayozunguka donge. Inataja uzito, urefu, uzi umetengenezwa kwa kitu gani, na kroshia inayofaa. Kuna pia namba ya mkupuo wa rangi, ambayo wengi hawaitazami. Madonge mawili ya rangi moja yaliyotiwa rangi kwa mikupuo tofauti yanaweza kufanana kabisa ndani ya duka, halafu ukiyafuma pamoja na kuyatoa juani unaona mstari umejichora katikati ya kazi. Unayoyahitaji nunua yote kwa mara moja.

Dukani utakuta akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, kwa wingi. Ni rahisi, haisinyai, inafulika bila masharti, lakini haipendi moto: pasi ya moto inailegeza moja kwa moja, na kwenye sufuria la moto inayeyuka. Uzi wa sufu una mvutano mzuri mikononi, ila kwa joto letu nguo ya sufu itavaliwa siku chache sana. Pamba ndiyo ninayoipenda kwa hali ya hewa hii. Inanyonya maji, haichomi ngozi, inastahimili maji ya moto. Kasoro yake ni kwamba hainyumbuliki, kwa hiyo mikono huchoka mapema.

Na hapa niseme la moyoni. Sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania inalimwa Kanda hii ya Ziwa. Magu, Misungwi na Kwimba wanailima, mji una timu ya mpira iitwayo Pamba, lakini ukiuliza donge la uzi mnene wa pamba wa kufumia utazunguka nusu ya mji, na ukilipata limetoka nje. Pamba yetu nyingi inasafirishwa ikiwa haijasokotwa. Hilo haliwezi kutatuliwa na mimi wala wewe barazani, ila linaudhi.

Mwenye bajeti ndogo aende Mlango Mmoja, kwenye mitumba, akatafute sweta la kufumua. Sweta zito za nchi za baridi hazigombaniwi sana hapa kwetu, na ndani ya sweta moja la mtu mzima kuna uzi wa kukutosha kujifunzia muda mrefu. Lakini usichukue lolote. Ligeuze ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, lirudishe. Kila mstari utakutokea kipande kifupi chenye upana wa sweta na mwisho utakuwa na rundo la nyuzi za kufungia vifurushi. Unatafuta sweta ambalo vipande vyake vilifumwa na kingo zake kamili, kisha vikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Ukipata uzi sahihi wa mshono huo na kuukata, mshono wote unafunguka kwa kuvuta. Sweta la sufu lililosinyaa mpaka likagandamana liache pia. Halitafumuka hata kwa dua.

Ukishatenganisha vipande, anzia juu, begani au shingoni. Kipande kwa kawaida hufumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi unatoka kwa kurudi njia uliyopita. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine usije ukajisokota, ufue taratibu, kisha uutundike ukiwa na kopo dogo la maji linaloning'inia chini. Ukikauka utakuwa umenyooka, zile kunjokunjo zimekwisha. Sweta za mashine mara nyingi uzi wake ni mwembamba. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja na uzifume kama uzi mmoja.

Kazi ya kwanza iwe kitambaa cha kuoshea vyombo, mraba wa kawaida. Hata kikipinda kitaosha sahani, na hakuna mgeni atakayekikagua. Tengeneza kitanzi chenye fundo linaloteleza, kiweke kwenye kroshia. Zungushia uzi kwenye ndoano, uvute upite ndani ya kitanzi: huo ni mnyororo mmoja. Fuma minyororo 21. Wengi hukaza mno hapa, halafu mstari wa kwanza unakuwa mateso kwa sababu ndoano haipiti. Kama mkono wako ni wa kukaza, fuma minyororo hiyo kwa kroshia iliyo kubwa kidogo kisha urudi kwenye ya kawaida.

Halafu mshono mfupi. Ruka mnyororo ulio karibu kabisa na ndoano, ingiza kwenye wa pili. Zungushia uzi, vuta. Sasa una vitanzi viwili. Zungushia tena, vuta upite vyote viwili. Rudia mpaka mwisho na uhesabu: lazima iwe mishono 20. Geuza kazi, fuma mnyororo mmoja wa kupandia, anza tena kwenye mshono ule wa kwanza kabisa. Kuanzia mstari huu utaona juu ya kila mshono kuna umbo la herufi V iliyolala. Ndoano inapita chini ya nyuzi zote mbili za V hiyo. Ukidaka mmoja tu, kitambaa kinakuwa na mistari na kulegea.

Hesabu kila mstari. Narudia hili mpaka wananichoka. Mraba unaogeuka pembetatu haukuletwa na mkono mbaya. Umeruka mshono wa mwisho, uliojificha pembeni, na mstari uliofuata ukauruka tena. Unaopanuka nao umefuma mara mbili mahali pamoja, au umeuhesabu mnyororo wa kupandia kama mshono. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari, na unapofika hapo hutababaika. Baada ya muda macho yatazoea na utaacha kuweka alama bila hata kukumbuka ni lini uliacha.

Video za kwenye simu zinasaidia, ila kuna mtego. Waingereza na Wamarekani hawatumii majina ya mishono kwa namna moja: jina ambalo Mwingereza anaupa mshono mfupi, Mmarekani anaupa mshono mrefu zaidi. Ukifuata maelekezo ya upande mmoja kwa maana ya upande mwingine, kofia ya mtoto inatoka ya mtu mzima. Tazama mwanzoni kama mtengenezaji ametaja anatumia majina ya nchi gani. Asipotaja, fuata mikono yake na uyaache maneno. Wanaotumia mkono wa kushoto watafute video za wenzao wa kushoto, wasijilazimishe kulia.

Kuhusu jasho: joto la Oktoba kabla mvua za vuli hazijashika linafanya kroshia ya plastiki inate mkononi. Ya aluminiamu inateleza vizuri zaidi. Nawa mikono, weka kitambaa pajani, na ukihisi kiganja au kidole gumba kinauma, pumzika. Maumivu ya mkono hayazoeleki, yanazidi.

Na kaka zetu wanaoniuliza pembeni kwa sauti ya chini kama si kazi ya kike, nawaelekeza soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba. Wanaume wamekaa chini wanaunga nyavu, uzi mkononi, jicho baada ya jicho, na hakuna anayewauliza swali hilo.

Ukimaliza vitambaa kadhaa vya vyombo na kingo zimenyooka, fuma kishikio cha sufuria, nacho kwa pamba tu, safu mbili zilizounganishwa, kwa sababu ya moto niliousema. Seti ya mtoto mchanga wengi huitamani mapema. Sawa, ila chagua mishono iliyobana, maana vidole vya mtoto vinanasa kwenye matundu, na usitie vifungo vidogo anavyoweza kung'oa na kumeza. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35 kuzunguka. Kofia iwe pungufu kidogo ili ivutike na kushika.

Hapo ndipo sindano mbili zinafaa kuingia. Milimita 4, vitanzi 25, uzi uleule wa rangi nyepesi, mstari wa kwenda na wa kurudi kwa mshono mmoja tu wa kawaida, ukihesabu vilevile. Baadaye, ukishajua upande laini na upande wa vifundo, kitanzi kitakuchoropoka tu, hilo halikwepeki. Usitupe kazi wala usifumue mstari mzima. Geuza upande laini uwe mbele yako, chukua kroshia, kidake kitanzi kilichoporomoka, kisha uvute uzi uliolala juu yake upite ndani yake. Panda hivyo uzi mmoja mmoja mpaka ufike juu, ukirudishe kwenye sindano, uendelee kufuma.