Barua kwa mwanangu: orodha ya kusubiri ya West Point si foleni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, wamekujibu kwamba umetimiza masharti yote ila nafasi hakuna, hivyo wamekuweka kwenye orodha ya kusubiri. Umeniuliza mambo mawili: uko nambari ya ngapi, na je, ujisajili kwa mwaka wa pili hapo chuoni, au uache usije ukapoteza pesa wakikuita mwezi Juni.

La pili nalijibu kwanza kwa kuwa lina tarehe. Jisajili. Chagua masomo kama vile barua ya West Point haijawahi kuja. Vyuo vingi hurudisha ada yote ukijitoa kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na siku ya kuripoti West Point huwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, wiki nyingi kabla ya muhula wenu wa Agosti. Ulizia ofisi ya uhasibu ya chuo chako tarehe kamili ya kurudishiwa, uiandike. Penye hatari ni nyumba. Bweni lina faini ya kujitoa ambayo hupanda kadiri siku zinavyokwenda, na nyumba ya kupanga na wenzako ina mkataba wa miezi 12 ambao usidhani mwenye nyumba ataufuta kirahisi. Ukisaini, hakikisha kuna kifungu kinachokuruhusu kumpa mtu mwingine nafasi yako. Kama hakipo, chukua bweni.

Kuhusu ROTC, yale mafunzo yako ya uofisa wa jeshi hapo chuoni, tulia. Kwa ufadhili wa miaka minne wa jeshi la nchi kavu, deni la utumishi linaanza siku ya kwanza ya mwaka wa pili. West Point wakikuita, watakuita kabla ya siku hiyo. Ila usijifiche: mwambie mkuu wako wa ROTC kwamba uko kwenye orodha. Yeye anayo njia yake ya kumpendekeza mwanafunzi West Point, na mwakani unaweza kumhitaji.

Sasa la nambari. Hawatakuambia, na hata wangekuambia isingekusaidia sana, kwa kuwa orodha hii si foleni ya zahanati ambapo aliyefika alfajiri anaingia kwanza. Ni hesabu ya viti, na viti vyenyewe vimegawanywa kwa sheria. Kila seneta na kila mbunge wa Baraza la Wawakilishi anaruhusiwa kuwa na kadeti watano kwa wakati mmoja pale chuoni wanaohesabiwa kwake. Mmoja akihitimu au akifukuzwa, kiti kimefunguka, na mbunge anapeleka majina kadhaa kukigombea. Anaweza kumtaja mmoja kuwa wa kwanza, anaweza kuwapanga wote kwa namba, au anaweza kupeleka majina matupu na kuwaachia West Point wachague. Atakayeshinda ndani ya kundi hilo dogo ndiye anayepata kiti cha mbunge.

Walioshindwa lakini wanafaa, kama wewe, wanaingia kwenye orodha ya taifa na kupangwa kwa alama: masomo asilimia 60, uongozi asilimia 30, nguvu za mwili asilimia 10. Kwa hiyo inawezekana kabisa umezidiwa na kijana mmoja tu wa eneo letu, huku ukiwa na alama kubwa kuliko washindi wa maeneo mengine kumi. Watu wengi hawalijui hili, na ndiyo maana barua ile huwauma kuliko inavyostahili.

Chuo kizima kina kadeti wapatao 4,400, na kila mwaka huingia kama 1,200. Mtu akikataa nafasi mwezi Mei, kiti chake hakimwangukii tu anayefuata kwenye karatasi. Huenda kikabaki kwa mbunge yuleyule na kwenda kwa jina linalofuata katika kundi lake. Huenda kikajazwa kutoka orodha ya taifa, na hapo sheria inataka angalau robo tatu ya wanaoongezwa kwa njia hiyo wawe watu waliopendekezwa na wabunge, maseneta au Makamu wa Rais. Huenda pia kisijazwe kabisa, kwa sababu walioikubali nafasi mwaka huo ni wengi kuliko hesabu ya ofisi. Basi orodha ikiwa kimya usidhani kuna mtu aliyeisoma karatasi yako vibaya.

Wanaoacha nafasi huacha kwa sababu zinazojulikana. Wengine wameitwa pia Annapolis, chuo cha jeshi la majini, au chuo cha jeshi la anga kule Colorado, na hawawezi kwenda kote. Hao hujibu kufikia tarehe 1 Mei au karibu na hapo, hivyo mwezi Mei ndio wenye mwendo mkubwa zaidi. Wengine wanavunjika mguu kwenye mechi ya mwisho wa msimu, wanakamatwa wakiendesha gari wamelewa, au wanafeli masomo ya mwisho. Hawa hutoka polepole mpaka siku chache kabla ya kuripoti. Ukiitwa katika kundi hili la mwisho, siku za kujibu ni chache mno, ndipo watu hupoteza nafasi kizembe: barua pepe imeingia kwenye taka, simu imelia wakati mtu yuko kazini na namba haijulikani. Fungua ukurasa wako wa maombi kila siku asubuhi, pamoja na ule mfuko wa barua taka. Namba usiyoijua ipokee, hata kama tisa kati ya kumi ni wauza bima.

Harusi ya binti wa mama mdogo Tanga ni katikati ya Juni, na najua unaitaka. Ushauri wangu ni usiende. Saa tisa alasiri ya New York ni saa nne usiku Tanga, wakati wewe uko kwenye ngoma na simu iko mfukoni mwa mtu. Tena malaria kali kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu. Kuanza homa katikati ya mafunzo ya mwanzo, mbele ya daktari wa kijeshi asiyeiona malaria mara kwa mara, si jambo la kujitakia. Mama mdogo nitaongea naye mimi.

Barua ya kuwaambia kwamba bado unataka nafasi iandike, lakini moja tu. Mpelekee ofisa wa udahili anayeshughulikia kanda yetu, ukurasa mmoja usiojaa, na iwe na kitu kipya: matokeo ya muhula huu ya hesabu na kemia, cheo ulichopewa ROTC, muda wako mpya wa maili moja kama umepungua. Ikiwa hakuna kipya, sema bado upo tayari na uishie hapo. Kueleza ulivyoota jeshi tangu utotoni hakuongezi alama. Waliyasoma hayo kwenye insha. Na mimi sitawapigia simu. Wanataka kusikia kutoka kwa mwombaji, na mzazi anayepiga simu anamfanya mtoto aonekane hajui kujisemea. Usihangaike pia na ofisi ya seneta. Kazi yake iliisha alipopeleka jina. Hana mkono kwenye orodha ya taifa.

Faili lako liwe hai. Bodi ya afya ya Wizara ya Ulinzi, DoDMERB, imekupitisha kwa hali uliyokuwa nayo siku ya kupimwa. Chochote kilichobadilika tangu hapo unatakiwa kukiripoti: dawa mpya, mfupa ulioteguka, kulazwa. Usifanye upasuaji wa macho wa leza sasa hivi, maana ukishafanyiwa unahesabiwa hufai mpaka zipite siku 180. Na usifiche kitu. Tatizo dogo lililotajwa linaweza kuombewa kibali, na kibali hicho hutoka West Point wenyewe, si kwa bodi. Tatizo lilelile likigunduliwa baadaye linakuwa kesi ya uongo, na pale uongo ndio unaofukuzisha watu.

Una kovu la BCG begani, kama watoto wengi waliozaliwa kwetu Tanzania. Kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma kwenye ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo tu. Omba kipimo cha damu, hicho hakidanganywi na BCG, na majibu yaweke pamoja na kadi yako ya chanjo.

Kitu kingine kinachowachelewesha watoto wa familia kama yetu ni fomu ya usalama, SF-86. Ukiitwa mwishoni utaijaza kwa haraka, kwa hiyo kusanya taarifa sasa. Inauliza wazazi na ndugu zako: jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia, anwani. Hapo Kiswahili chetu kinaweza kukuponza. Kaka zako wa Morogoro, wa baba mmoja, wanaingia, hata kama hamjaonana miaka mingi. Watoto wa baba mdogo tunawaita ndugu, lakini kwenye fomu hawako katika sehemu ya ndugu. Wanaweza kuingia sehemu ya raia wa nchi nyingine unaowasiliana nao kwa karibu. Inauliza safari zako za nje za miaka saba iliyopita, kwa tarehe. Inauliza pia kama uliwahi kupewa pasipoti ya nchi nyingine: ile ya Tanzania uliyoingia nayo ukiwa mdogo itaje, ingawa muda wake ulikwisha zamani. Tarehe za kuzaliwa za Morogoro ziwe zile za kwenye vyeti, usikisie.

Mwili. Usianze kubeba begi la kilo ishirini kupanda mlima kwa sababu umeona video. Vijana wengi wanaoumia wiki za mwanzo wanaumia mifupa ya ugoko, na chanzo ni kuongeza mbio ghafla kuliko mfupa unavyoweza kujijenga. Kimbia siku nne kwa wiki, ongeza mwendo kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kwa wiki, na siku moja kati ya hizo iwe ya kasi. Pushapu na kujivuta kwenye bomba fanya kila baada ya siku moja. Mtihani wao wa mwili una kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, na huo watu hawaufanyii mazoezi. Kama mwakani utaurudia, anza sasa. Ni mbinu kuliko nguvu.

Maana mambo ya mwakani nayo lazima tuyaangalie leo. Pendekezo la mbunge ni la mwaka mmoja tu, halihamii. Ofisi nyingi za wabunge na maseneta hufunga maombi kati ya Septemba na Novemba, na West Point wanataka majina kufikia tarehe 31 Januari. Ukingoja orodha ifungwe ndipo uanze, utakuwa umebakiwa na majira ya joto tu. Waandikie wote watatu mwezi huu, mbunge wa eneo letu na maseneta wawili, hapa ulipo na makazi ya kudumu, si kule chuo kilipo. Ongeza ya Makamu wa Rais, ni fomu fupi. Ile ya Rais ni ya watoto wa wanajeshi wa muda mrefu, haituhusu.

Umri unakuruhusu. Sharti ni usiwe umetimiza miaka 23 tarehe 1 Julai ya mwaka wa kuingia, nawe una 19. Ila ujue kwamba hata ukiingia ukiwa na miaka miwili ya chuo kikuu mkononi, unaanza mwaka wa kwanza, miaka minne kamili, na baadaye miaka mitano ya utumishi wa kudumu. Na lazima uwe hujaoa. Hilo nalisema kwa sababu shangazi zako wameshaanza kunong'ona.

Kwa mwombaji wa mara ya pili, kinachotazamwa zaidi ni alama za chuo: hesabu za kalkulasi, kemia au fizikia, uandishi wa Kiingereza. Muhula ujao chukua hayo, hata kama kuna somo jepesi linalokutabasamia. Wakikupa badala yake mwaka kwenye shule yao ya maandalizi, usiikatae bila kunipigia. Shule hiyo haiombwi, hutolewa na wao, na inachukua kama miezi kumi.

Nitumie tarehe za safari zako nizilinganishe na mihuri ya kwenye pasipoti. Na jana nilipokupigia niliambiwa sanduku lako la ujumbe wa sauti limejaa. Lifute leo.

Mama yako